Kupima Chaji ya Ngozi ya Bakteria: Anza na Maji

Bakteria wa E. coli ukimweka katikati ya elektrodi mbili, ndani ya maji yenye chumvi kidogo, kisha ukawasha umeme, ataelekea upande wa chanya. Anavutwa, kwa sababu ngozi yake imebeba chaji hasi. Ukijua anakwenda kwa kasi gani chini ya nguvu gani ya umeme, unaweza kukokotoa potenshali ya zeta, ile namba ya milivolti ambayo watafiti wengi huitumia kueleza hali ya umeme juu ya seli. Mashine za siku hizi hukupa namba hiyo kwa dakika chache tu, na kwa sababu inapatikana upesi, watu huiamini upesi.

Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilipata −9 mV kwa bakteria niliotarajia wawe chini ya −30. Nilishuku mashine, kisha nikawashuku bakteria. Siku mbili baadaye niligundua kwamba kosa lilikuwa ndani ya chupa ya bafa niliyoichukua rafuni bila kufikiri. Tangu hapo nimekuwa nikimwambia kila anayeanza: kazi kubwa iko kwenye maji na kwenye kuosha. Mashine inakuja mwisho.

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi wa maikrobiolojia au fundi wa maabara anayekwenda kuazima mashine kwa siku moja au mbili, pengine katika idara ya kemia au ya famasia, maana huko ndiko mara nyingi inakokaa. Asiyeipata kabisa asikate tamaa. Chini kuna njia nyingine inayohitaji spektrofotomita na sentrifuji tu.

Kwa nini ujisumbue? Chukua dawa ya kolistini. Ni molekuli yenye chaji chanya, na humnasa bakteria wa Gram hasi kwa kushikamana na chaji hasi za ngozi yake ya nje. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayohama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine kwa plasmidi. Kazi yake ni kubandika kipande cha fosfoethanolamini kwenye lipidi A, na hapo sehemu ya chaji hasi hufunikwa na dawa inakosa mahali pa kushika. Jambo hilo la kutisha kwa hospitali yoyote, ukiliangalia kwa jicho la fizikia, ni suala la chaji ya ngozi. Chaji hiyohiyo huamua pia namna bakteria wanavyonata kwenye mrija wa mkojo au kwenye ukuta wa tangi la maji.

Unachopima ni nini hasa

Katika pH ya 7 hivi, vikundi vya kaboksili na fosfeti vilivyo juu ya bakteria hupoteza protoni na kubaki na chaji hasi. Vikundi vya amino hubeba chaji chanya, ila kwa kawaida huzidiwa. Kwa Gram chanya, fosfeti nyingi zinatoka kwenye asidi za teikoiki zilizochomoza ukutani. Kwa Gram hasi zinatoka kwenye lipopolisakaridi. Jumla ni hasi karibu kwa bakteria wote tunaowaotesha maabara.

Chaji hiyo haikai uchi. Ioni chanya zilizomo majini humkusanyikia bakteria na kumfunika kama shuka. Anapovutwa na umeme husafiri na sehemu ya shuka hilo, na pale sehemu inayosafiri inapoteleza juu ya maji yaliyobaki, umeme uliopo hapo ndio potenshali ya zeta. Kwa hiyo tunasoma umeme wa kwenye pindo la shuka, hatua kadhaa kutoka kwenye ngozi yenyewe.

Unene wa shuka unategemea chumvi. Kwa chumvi rahisi kama KCl katika nyuzi 25 za Selsiasi, ikiwa ni milimola 1 kwa lita unene ni karibu nanomita 9.6. Kwa milimola 10 ni nanomita 3. Kwa bafa ya fosfeti yenye chumvi nyingi kama ya mwilini, ile PBS ambayo kila maabara inayo, haufiki nanomita 1. Chumvi ikizidi, shuka hubana na umeme hufifia upesi kabla ya kufika kwenye pindo. Bakteria yuleyule, chaji ileile, namba tofauti kabisa. Zile −9 zangu zilitokana na PBS.

Hatua ya 1: Andika swali, kisha chagua bakteria

Usianze na "nataka kujua chaji ya bakteria wangu." Swali zuri hulinganisha: aina ya mwituni na ile iliyopoteza jeni fulani, bakteria kabla ya dawa na baada ya dawa, pH moja na nyingine. Zeta ni kipimo kizuri sana cha tofauti. Namba moja pekee haisemi mengi.

Kwa kujifunza, tumia E. coli K-12. Ni ukoo wa maabara uliotengwa mwaka 1922, hauambukizi watu wenye afya, na umepoteza minyororo mirefu ya sukari ya nje ambayo E. coli wa wagonjwa wanayo, kwa hiyo ngozi yake ni rahisi kuielewa. Ukiwa na bakteria wa hospitali, kazi ya kuosha na kujaza ifanyike ndani ya kabati la usalama la daraja la 2, kisha kisanduku cha kupimia kizibwe vizuri kabla hakijatoka. Chumba cha mashine katika idara ya kemia hakina kabati hilo, na wenzako wanaofanya kazi humo hawakuja kukutana na vimelea vyako.

Hatua ya 2: Tengeneza maji utakayopimia

Pima gramu 0.746 za KCl, yeyusha katika maji yaliyoondolewa ioni, fikisha lita 1. Hiyo ni milimola 10. Chuja kwa kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22, kwa sababu vumbi nalo lina chaji na mashine haijui kulitofautisha na bakteria.

Sasa pima upitishaji wa umeme wa maji hayo. Katika nyuzi 25 yanapaswa kusoma karibu mikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Namba hii ndiyo inayotumika hata kusawazishia mita zenyewe, kwa hiyo kwa kipimo kimoja unakagua mzani wako, maji yako na mita yako. Ukisoma 1,600, usiendelee. Tafuta kilichokosewa.

Wengine hupenda maji matupu, wakidhani usafi ndio bora. Hapana. Katika maji matupu hakuna chumvi uliyoichagua, basi mabaki ya mchuzi wa lishe ndiyo yataamua unene wa shuka, na kila sampuli itakuwa na mabaki yake. Hewa ya ukaa nayo huingia na kuvuta pH hadi karibu 5.6. PBS nayo ina ubaya wa upande mwingine: inapitisha umeme mara kumi na zaidi, mkondo unapanda, sampuli inapata joto, vipovu vinatokea na elektrodi zinaanza kuwa nyeusi. Maji ya bomba yasikaribie kabisa, kwani kalsiamu na magnesiamu hushikamana na fosfeti za ngozi na kuificha chaji unayoitafuta.

E. coli anavumilia KCl ya milimola 10, maana ukuta wake unamshikilia. Asikae humo kutwa nzima, lakini. Jipangie upime ndani ya saa moja tangu uoshaji wa mwisho. Ukiwa na bakteria dhaifu unaoogopa watapasuka, unaweza kuongeza sukari ya kawaida, mradi ukumbuke kwamba sukari huongeza mnato, na mnato mpya lazima uingizwe kwenye hesabu.

Hatua ya 3: Waoteshe kwa namna moja kila mara

Koloni moja kwenye mchuzi wa LB, nyuzi 37, ukitikisa usiku kucha. Asubuhi punguza mara 100 katika mchuzi mpya na uvune OD600 ikifika kati ya 0.4 na 0.6, au chagua kuvuna waliokwisha kukomaa baada ya saa 16 hadi 18. Chochote utakachochagua, shikamana nacho. Bakteria anayekua na aliyesimama kukua wana ngozi tofauti, na tofauti hiyo inaweza kuizidi ile unayoitafuta.

Hatua ya 4: Osha

Hapa ndipo pa kukaa.

Mchuzi wa LB wa kawaida una gramu 10 za chumvi ya mezani kwa lita, yaani karibu milimola 171, pamoja na vipande vya protini vinavyopenda kujibandika juu ya seli. Tuseme umezungusha mirija, ukamwaga maji ya juu, na mililita 0.2 zikabaki chini pamoja na bakteria. Ukiongeza mililita 10 za KCl, chumvi ya mchuzi hupungua mara 50 hivi: kutoka 171 hadi milimola 3.4. Maji yako ya 10 sasa yana theluthi ya ziada ambayo hukuiandika popote. Osha mara ya pili, inabaki chini ya 0.1. Ya tatu ni kwa ajili ya protini zile, ambazo haziondoki kwa utiifu wa chumvi. Mara tatu, basi. Na katika mara ya tatu usimwage maji ya juu kabla ya kuyapima upitishaji wake. Yakisoma sawa na KCl uliyoanza nayo, umeosha. Kipimo hiki cha nusu dakika kimeniokoa mara nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Kasi ya sentrifuji iwe ya upole: mara 3,000 ya uvutano wa dunia, dakika 10. Maabara nyingi huandika mizunguko kwa dakika bila kutaja ukubwa wa rota, na andiko la namna hiyo halimsaidii mtu mwingine. Hesabu ni hii: uvutano ni sawa na 0.00001118, mara nusu kipenyo cha rota kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa rota ya nusu kipenyo cha sentimita 10, uvutano wa 3,000 unapatikana kwa mizunguko kama 5,180. Ukipiga 12,000 au 15,000 kwa haraka, seli hukandamizwa na kusuguana, sehemu za nje hunyofoka, na unachokuja kupima ni bakteria aliyechubuliwa.

Kuyavuruga tena mashapo nako kuna adabu yake. Vuta na usukume kwa pipeti yenye mdomo mpana, polepole. Usitumie mawimbi ya sauti, na usiwatikise kwa nguvu mpaka povu litokee.

Wapo wanaowaua bakteria kwa fomaldehaidi kwanza ili wawe salama. Fomaldehaidi hukamata vikundi vya amino, ambavyo ndivyo vyenye chaji chanya. Ukiviondoa, bakteria ataonekana hasi kuliko alivyo. Ikibidi kuua, ua sampuli zote kwa namna moja na useme hivyo kwenye ripoti.

Hatua ya 5: Punguza wingi, angalia kwa hadubini

Rekebisha kwa KCl ileile hadi OD600 iwe karibu 0.1. Kwa E. coli hiyo ni seli milioni 80 hivi kwa mililita, ukichukulia kwamba OD600 ya 1 ni milioni 800. Maji yawe na ukungu mwepesi tu. Yakiwa mazito kama tui, mwanga wa leza utagonga seli nyingi kabla ya kutoka na usomaji utavurugika.

Weka tone chini ya hadubini. Unataka seli moja moja. Ukiona vishada, rudi hatua ya nne. Kishada kina mwendo wake. Angalia pia kama wanaogelea. E. coli mwenye mikia anaweza kwenda mikromita 20 kwa sekunde na zaidi kwa hiari yake, na hilo hutanua kilele kwenye grafu hata kama wastani haubadiliki sana. Ukiwa na aina isiyo na mikia, itumie hiyo.

Hatua ya 6: pH

Pima pH ya mchanganyiko wenyewe, muda mfupi kabla ya kujaza, na tena baada ya kupima. KCl haina uwezo wa kuishikilia pH, kwa hiyo ikiwa imehama kwa zaidi ya 0.2 utajua na utaandika.

Ukitaka kazi iliyokamilika zaidi, gawa mchanganyiko kwenye mirija saba na uirekebishe kwa HCl na KOH za mola 0.1 kuanzia pH 2 hadi 8. Pima kila mmoja. Mstari utapanda kadiri unavyoelekea kwenye asidi, na mahali unapokata sifuri ndipo chaji chanya na hasi zinapolingana. Kwa bakteria wengi ni kati ya pH 2 na 4. Hapa utaona faida ya kutumia milimola 10 badala ya 1: kwenye pH 3 asidi peke yake inaleta milimola 1 ya ioni, ambayo ingeongeza chumvi yako maradufu kama ungeanza na 1. Kwenye pH 2 hata ile 10 inaongezeka maradufu, kwa hiyo nukta hiyo ya mwisho isomwe kwa tahadhari. Bakteria hawapendi asidi hiyo; tengeneza mrija, pima, endelea.

Hatua ya 7: Kwenye mashine

Kabla ya bakteria, pima sampuli ya uhakiki. Ile inayouzwa kwa ajili ya mashine za Malvern ni chembe ndogo za polistirini zenye zeta ya −42 mV, zaidi au pungufu 4.2. Ukipata nje ya hapo, tatizo ni kisanduku au mashine, na umelijua kabla hujapoteza sampuli hata moja.

Suuza kisanduku cha kapilari kwa ethanoli, kisha kwa maji safi, kisha kwa KCl. Kagua elektrodi, ziwe na rangi yake ya dhahabu. Vuta mchanganyiko kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kigeuze kisanduku juu chini, sukuma taratibu hadi nusu ijae, kigeuze tena, malizia. Hii ni kwa ajili ya vipovu. Kipovu kimoja kwenye pindo la kapilari kinatosha kukata njia ya umeme, na mashine inaweza kukupa namba hata hivyo. Gonga kwa kidole mpaka vyote vitoke.

Ingiza vigezo: nyuzi 25, kusubiri sekunde 120 ili joto litulie, maji yenye mnato wa 0.887 na konstanti ya dielektriki ya 78.5, na modeli ya Smoluchowski. Modeli hii ya Marian Smoluchowski ya mwaka 1903 inafaa pale seli inapokuwa kubwa sana kuliko unene wa shuka lake. Bakteria mwenye nusu kipenyo cha nanomita 500 katika shuka la nanomita 3 anaikidhi kwa mbali. Modeli ya Hückel, ambayo pia imo kwenye orodha, ni ya chembe ndogo mno katika maji karibu yasiyo na chumvi. Ukiichagua kwa bahati mbaya namba itaongezeka mara moja na nusu.

Piga mara tatu kwa kila ujazo. Kabla ya kuangalia namba, angalia grafu ya awamu: iwe na miinuko na miteremko iliyo wazi kama meno ya msumeno. Ikiwa ni vurugu isiyo na sura, namba iliyo chini yake haina thamani. Kisha angalia upitishaji wa umeme ambao mashine imepima yenyewe. Ukipanda kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu, sampuli inapata joto au seli zinavuja. Hata bakteria huzama. Usiache kisanduku kikikaa robo saa kabla ya kubonyeza.

Ukimaliza, kila kilichogusa bakteria kiende kwenye maji yenye dawa ya klorini au kwenye otoklevu ya nyuzi 121.

Hatua ya 8: Kokotoa mwenyewe angalau mara moja

Mashine inapima mwendo, kisha inakokotoa. Ufanye ukokotoaji huo kwa mkono wako, uuone. Tuseme bakteria amekwenda mikromita 100 kwa sekunde 8 chini ya umeme wa volti 5 kwa kila sentimita. Kasi ni mikromita 12.5 kwa sekunde. Gawa kwa 5, unapata wepesi, yaani kasi kwa kila volti kwa sentimita, wa 2.5. Kwa maji ya nyuzi 25, zidisha wepesi huo kwa 12.83, unapata 32. Alikwenda upande wa chanya, basi zeta yake ni −32 mV.

Ndani ya ile 12.83 kuna mnato wa maji, na mnato hupungua kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi joto moja. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa kisicho na kiyoyozi kinaweza kuwa na nyuzi 30, na hapo hesabu ya nyuzi 25 inakupotosha kwa takribani asilimia 10. Kwa mashine inayodhibiti joto, subiri zile sekunde 120. Kwa anayepima kwa hadubini na kapilari bapa kama walivyofanya wazee wetu wa fani hii, weka kipimajoto kando ya kapilari na utumie mnato wa joto hilo. Huyo akumbuke pia kwamba kuta za kioo zina chaji yake na husukuma maji: asome seli zilizo katika asilimia 21 ya kina kutoka juu au kutoka chini, ambako maji yenyewe yametulia.

Hatua ya 9: Rudia, kisha andika yote

Vipimo vitatu vya kisanduku kimoja ni kipimo kimoja kilichorudiwa. Unahitaji angalau mazao matatu, yaliyooteshwa siku tofauti kutoka koloni tofauti. Ukiwa na mazao matatu na visomo vitatu kila moja, idadi ya sampuli zako ni tatu, si tisa. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona tofauti ya milivolti 2 ikitangazwa kuwa ugunduzi kwa nguvu ya tisa za uongo.

Andika aina ya bakteria, mchuzi, umri wa zao, kasi na muda wa kuzungusha, idadi ya uoshaji, chumvi na kiwango chake, pH ya kabla na ya baada, joto, upitishaji, modeli. Andika wepesi pamoja na zeta, maana wepesi ndio ulioupima. Na uiite zeta. Ukiiita "chaji ya seli" msomaji atadhani umehesabu chaji zenyewe, kazi ambayo inataka utitreshaji wa asidi na besi.

Kuna bakteria wanaohitaji uangalifu zaidi: wenye kapsuli au minyororo mirefu ya sukari. Ngozi yao ni laini kama sponji, maji hupita ndani yake, na wazo la pindo moja linaloteleza halishiki tena. Hiroyuki Ohshima wa Japani ndiye aliyejenga hesabu ya chembe laini za namna hiyo. Jaribio la kuwatambua ni rahisi: pima wepesi katika KCl ya milimola 1, 10, 50 na 100. Kwa chembe ngumu wepesi unaelekea sifuri kadiri chumvi inavyoongezeka; kwa laini unashuka kisha unasimama mahali na kukataa kushuka zaidi. Ukiona hivyo, ripoti wepesi na uache kutaja zeta.

Kama mashine haipo

Saitokromu c ya moyo wa farasi ni protini ndogo, nyekundu, yenye chaji chanya nyingi katika pH 7. Ukiichanganya na bakteria hushikamana na chaji zao hasi. Wazungushe, na uangalie nyekundu kiasi gani imebaki juu. Mwaka 1999 kundi la Andreas Peschel huko Ujerumani liliitumia njia hii kwa Staphylococcus aureus na kuonyesha kwamba bakteria walioharibiwa jeni za dlt, ambazo kazi yake ni kubandika alanini yenye chaji chanya kwenye asidi za teikoiki, hunasa saitokromu nyingi zaidi. Njia ni ya bei nafuu, na jicho linaona matokeo kabla ya mashine yoyote.

Tengeneza bafa ya MOPS ya milimola 20, gramu 4.19 kwa lita, pH 7. Osha bakteria mara mbili kwa bafa hiyo, na uoshe kweli, kwa kuwa chumvi ikibaki itagombania nafasi na saitokromu na utaona inanaswa kidogo. Fikisha OD ya 7. Hapa seli zinatakiwa ziwe nyingi. Ongeza saitokromu hadi miligramu 0.5 kwa mililita, acha dakika 10 kwenye joto la chumba, zungusha, soma maji ya juu kwenye nanomita 530. Mrija mmoja uwe na saitokromu na bafa bila bakteria. Ukisoma 0.80 kwenye huo na 0.32 kwenye sampuli, iliyobaki ni asilimia 40, iliyonaswa ni 60. Weka pia mrija wa bakteria bila saitokromu, usije ukahesabu ukungu wao kuwa rangi.

Panga mirija kwenye kishikio, bakteria wa kawaida kushoto, waliobadilishwa kulia. Mashapo ya upande mmoja yatakuwa na wekundu wa matofali, ya upande wa pili meupe kidogo, na maji ya juu kinyume chake.

Ukibahatika kufanya njia zote mbili, huenda zisikubaliane. Saitokromu ni protini ndogo, hupenya ndani ya ukuta na kushika hata chaji zilizojificha, wakati zeta inaona ganda la nje tu. Nilipata mara moja bakteria walionasa saitokromu karibu mara mbili ya wenzao huku zeta zao zikiwa zimetofautiana kwa milivolti 3 tu. Hapo usichague namba unayoipenda. Rudi kwenye KCl ya milimola 100, pima wepesi, na uangalie kama umesimama au umeshuka.